Safari ya meli ndogo Newfoundland na Labrador kwa mwenye pasipoti yetu: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwandaa mwalimu mstaafu wa Tukuyu na binti yake anayeishi Ottawa kwa safari ya meli kutoka Reykjavík, Iceland, hadi St. John's katika jimbo la Newfoundland na Labrador, mashariki mwa Kanada, kupitia Greenland na pwani ya Labrador. Mwalimu ni Mmoravian tangu utotoni na alitaka kuiona Nain, kijiji cha pwani ya Labrador, ambako wamisionari wa kanisa lake walifungua kituo mwaka 1771, miaka 120 kabla hawajafika Rungwe. Kazi yangu hapa Halifax ni kupanga safari. Maelezo niliyokuta kuhusu meli hizi yameandikiwa watu ambao pasipoti zao hazihojiwi popote, na sisi wengine, wenye pasipoti za Afrika Mashariki na Kongo, hayatufai.

Hatua ya 1: Chagua njia, halafu meli

Njia ziko za aina tatu. Ya kwanza huzunguka kisiwa cha Newfoundland, kuanzia St. John's na kurudi hapo hapo, na mara nyingi hugusa visiwa vya Ufaransa vya Saint-Pierre na Miquelon. Ya pili hupanda Labrador hadi milima ya Torngat. Ya tatu huunganisha Labrador na Greenland, na wakati mwingine Iceland.

Anayetaka siwa barafu, yaani vipande vikubwa vya barafu vinavyoelea baharini, aende Newfoundland mwishoni mwa Mei au Juni. Vipande hivyo humeguka kwenye barafu za Greenland, hasa upande wa magharibi, kisha Mkondo wa Labrador huvisukuma kusini hadi viyeyuke. Unachokiona juu ya maji ni kama sehemu moja ya kumi tu. Torngat haifikiki mapema hivyo kwa sababu barafu ya bahari huwa bado imeziba njia, kwa hiyo panga Julai mwishoni hadi Septemba. Nyangumi wenye nundu hufuata dagaa wa kule waitwao kapelini kuanzia Juni, na Julai utawaona bila kuhangaika.

Kuhusu ukubwa wa meli nina msimamo: abiria 200 au pungufu. Kijiji kama François, kusini mwa Newfoundland, hakina barabara ya kukiunganisha na kwingine, na kimebanwa kati ya majabali na maji. Meli ya watu elfu mbili haina cha kufanya pale. Chumba chukua cha sitaha ya chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo na bei ni nafuu. Usilipie roshani, kwa sababu muda wote wa mchana utakuwa nje na wenzako.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa ndipo safari nyingi zinapovunjikia, kwa hiyo nitakaa sana.

Chukua daftari. Andika kila mahali meli itakapotia nanga kwa mpangilio, na mbele yake andika ni ardhi ya nani. Usitegemee ramani ya matangazo. Omba kampuni ya meli orodha ya vituo pamoja na vituo vya akiba, kwa sababu nahodha akikimbia upepo anaweza kuingia bandari ambayo hukuiona kwenye orodha ya kwanza. Daftari la Mwalimu lilisomeka hivi: Iceland, Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja). Greenland, chini ya Denmark lakini nje ya Schengen. Torngat, Hebron (kituo cha zamani cha misheni), Nain na St. John's, Kanada. Visa tatu kwa meli moja.

Kanada ndiyo rahisi kuielewa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya mgeni. Ada ni dola 100 za Kanada, na dola 85 za alama za vidole na picha. Anza na hii, maana ikikataliwa hakuna haja ya kuhangaika na nyingine.

Iceland imo ndani ya Schengen. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala chini ya siku 15, na ada ya mtu mzima ni yuro 90. Sasa soma hapa mara mbili: meli ikishaondoka Reykjavík kuelekea Greenland, umetoka Schengen. Kama safari yako inazunguka na kurudi Iceland, visa ya kuingia mara moja haitakurudisha. Omba ya kuingia mara nyingi, na kwenye barua yako eleza sababu, ukiambatisha ratiba ya meli.

Greenland ndiyo iliyotumaliza. Kisiwa hicho kimo katika ufalme wa Denmark, lakini hakimo Schengen, na katika jumuiya ya Ulaya kilijitoa mwaka 1985. Visa ya Schengen, hata iliyotolewa na Wadenmark wenyewe, haikuruhusu kushuka Greenland isipokuwa imeandikwa kwamba inahusu Greenland. Kibali cha kuishi Denmark nacho hakitoshi. Binti yake Mwalimu alikuwa na Schengen ya Ufaransa ya miaka miwili aliyoipata kwa ajili ya kazi, na wakala aliyemuuzia tiketi alimhakikishia kwamba inatosha. Iceland ilitosha. Greenland haikutosha, na tuligundua hivyo wakati fedha zote zimeshalipwa. Ombi hupitia kwa mamlaka za Denmark, na lazima utamke wazi kwenye fomu na kwenye barua kwamba unataka Greenland, vinginevyo utapewa Schengen ya kawaida na utaanza upya. Visa ikitoka, isome hapo hapo dirishani kabla hujaondoka.

Kwa ninyi mnaoishi Kanada kwa ukaazi wa kudumu: visa ya Kanada hamhitaji, lakini mkishatoka nje ya nchi mtarudi kwa kuonyesha kadi ya ukaazi, na kupanda meli ni sawa na kupanda ndege katika hilo. Kagua tarehe ya kadi leo. Ikiisha ukiwa nje, itabidi uombe hati maalumu ya kurudia kwenye ofisi ya Kanada, na Greenland si mahali pa kuanzia shughuli hiyo. Ukaazi wa Kanada haukupi ruhusa ya Greenland. Pasipoti yako ndiyo inayoangaliwa.

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaosafiri kwa hati ya mkimbizi, usiichukulie kama pasipoti. Uliza kila nchi iliyo kwenye daftari kama inaipokea, na jibu lipate kwa maandishi. Binafsi nawashauri wachukue njia inayobaki Kanada mwanzo hadi mwisho. Labrador peke yake ni safari kamili.

Saint-Pierre na Miquelon ni Ufaransa, ila nje ya Schengen. Visa ya Schengen haihesabiki pale yenyewe tu, kwa hiyo waulize Wafaransa mapema kuhusu visa ya maeneo yao ya ng'ambo. Afadhali moja ipo: hata kama visa yako ya Kanada ni ya kuingia mara moja, unaweza kurudi Kanada kutoka Saint-Pierre ilimradi muda uliopewa wa kukaa haujaisha. Marekani nayo iko kwenye ahueni hiyo. Greenland haimo.

Mwishowe, iandikie kampuni ya meli maswali matatu na udai majibu kwa barua pepe: mtakagua visa zipi kabla ya kunipandisha? Nikikosa moja, nitaruhusiwa kubaki melini au nitaachwa gatini? Visa ikikataliwa, narudishiwa kiasi gani? Usilipe zaidi ya malipo ya awali kabla hujajibiwa.

Hatua ya 3: Bima

Chukua yenye kulipia uokoaji wa dharura kwa ndege. Kampuni nyingi za safari hizi hazikupandishi bila hiyo, na zina haki: kaskazini mwa Nain hakuna hospitali wala barabara.

Tiketi za ndege unajua kuzitafuta. Fika bandarini siku moja kabla, mbili kama ni St. John's. Maji yenye joto ya Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream) yanakutana na Mkondo wa Labrador karibu na hapo, na ukungu unaotokea hufunga uwanja bila kuuliza ratiba ya mtu.

Hatua ya 4: Mavazi

Acha lile koti kubwa la baridi la kuazima. Koti nene likilowa ni mzigo, na ukipanda kilima kidogo tu litakutoa jasho, kisha upepo ukukute na jasho hilo. Vaa tabaka tatu: fulana nyembamba ya sufu mwilini, sweta la kati, na juu jaketi na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Pamba na jinzi ziache nyumbani, maana zikilowa hazikauki na zinakunyonya joto.

Mabuti ya mpira yafike karibu na goti na yawe na soli yenye meno. Suruali ya kuzuia maji inakaa nje ya buti. Ukiichomeka ndani, wimbi la kwanza litateremka nayo hadi kwenye soksi, na maji ya Labrador hata Agosti ni ya nyuzi chache tu za joto.

Kina mama wanaovaa gauni refu, livaeni juu ya suruali ya sufu, kisha likunjwe lote ndani ya suruali ya kuzuia maji wakati wa boti. Hijabu iwe ya kubana, na ncha zake ziingie ndani ya jaketi. Kitambaa kinachopepea karibu na injini ya boti ni hatari.

Hatua ya 5: Kichefuchefu

Dawa inywewe kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kuumwa. Mimi napendelea vidonge kuliko vibandiko vya nyuma ya sikio, hasa kwa wazee, kwa kuwa vibandiko vinaweza kuwavuruga akili. Mwenye presha ya macho au shida ya kukojoa amuone daktari kwanza.

Hatua ya 6: Kupanda na kushuka boti la mpira

Pwani hii karibu yote haina gati. Unashuka ubavuni mwa meli, unapanda boti la mpira la watu kama kumi, na unakanyaga ufukwe kupitia majini. Watu huogopa dubu, lakini ajali zinatokea hapa.

Jaketi okozi linakuwa juu ya nguo zote, na mikanda yote imefungwa. Mikono yote miwili iwe mitupu. Simu mfukoni, begi mgongoni, fimbo mpe baharia. Ukifika kwenye ngazi, usimshike baharia kiganja, kwa sababu viganja vilivyolowa huteleza. Kila mmoja amshike mwenzake juu kidogo ya kifundo cha mkono, mikono miwili imefungana hivyo. Boti linapanda na kushuka na mawimbi, nawe unasubiri. Baharia akisema sasa, kanyaga ubavu wa boti, halafu sakafu, kisha kaa papo hapo na ujisogeze kwa makalio kuelekea nyuma. Hakuna kusimama wala kutembea.

Ufukweni boti huingiza omo kwenye mchanga. Jisogeze mbele kwa makalio, geukia upande wa injini, pitisha miguu yote miwili nje kwa pamoja, subiri wimbi lirudi, ndipo ushuke. Anayegeukia mbele akirusha miguu humpiga mwenzake, na wimbi likija humkuta amekaa vibaya.

Haya yafanyie mazoezi nyumbani. Mwalimu alifanya kwenye mkono wa kochi, akiwa na mabuti na suruali, binti yake akiwa baharia. «Tena, baba,» alimwambia mpaka akaacha kutafuta kiganja. Ana miaka zaidi ya sabini na magoti yake yana yake, lakini alishuka kila kituo.

Hatua ya 7: Ukiwa nchi kavu

Ndani ya hifadhi ya taifa ya Torngat, yenye kilomita za mraba 9,700, kuna dubu weupe, na wageni hawaruhusiwi kubeba bunduki. Wanaokulinda ni walinzi wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa huko. Wao hushuka kwanza, hupanda juu ya vilima na kukagua, na wakisema turudi botini, mnarudi wote bila mjadala na bila picha ya mwisho. Usijitenge na kundi hata kwa haja ndogo. Iende kabla ya kutoka melini.

Nunatsiavut, eneo la Wainuit wa Labrador, limejitawala tangu 2005. Nain ni makao ya watu. Usipige picha watoto bila kuwauliza wazazi, na ukinunua kinyago cha jiwe nunua kwa mchongaji mwenyewe.

Hebron ipe muda. Jengo refu la mbao la misheni, lililojengwa miaka ya 1830, bado limesimama pale, na makaburi yapo karibu. Mwaka 1959 kituo kilifungwa na familia za Kiinuit zikahamishiwa kusini, kwenye vijiji ambavyo havikuwa vyao, ambako walikosa nyumba na sehemu za kuwindia. Serikali ya jimbo iliwaomba radhi mwaka 2005. Baadhi ya watakaokuongoza ni watoto na wajukuu wa waliohamishwa, basi sikiliza kuliko kuuliza. Wasomaji Wamoravian wa Mbeya, Rungwe na Tabora, chukueni kitabu chenu cha nyimbo. Mwalimu alikuwa na chake, na aliimba ubeti mmoja mle kanisani pamoja na mlinzi wa dubu aliyejua tuni hiyo hiyo kwa Kiinuktitut.

Hatua ya 8: Kabla ya kupanda ndege St. John's

Osha mabuti kwa brashi mpaka mifereji ya soli iwe safi kabisa. Udongo na viazi havitakiwi kutoka kisiwa cha Newfoundland, kwa sababu ardhi yake ina maradhi ya viazi ambayo Kanada inazuia yasivuke kwenda bara. Kama umenunua mboga za mizizi sokoni, zipikwe zikaliwe huko huko. Yaache mabuti yakauke usiku mmoja na uyafunge kwenye mfuko wake peke yake.