Namna ya kuanzisha darasa la jioni la watu wazima mtaani kwako

Kabla hujatafuta chumba, kabla hujaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tafuta fundi. Watu wanaoniuliza habari za darasa letu hapa Mikindani, Mtwara, huanza na swali la jengo: mnakaa wapi, nani kawapa, lina umeme? Jengo halijawahi kutushinda. Tumekaa barazani kwa mtu, tumekaa chini ya mwembe, tumeazimwa darasa la shule ya msingi baada ya watoto kutoka. Fundi asiyefaa ndiye anayeua darasa, na hulimaliza ndani ya wiki mbili.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha watoto miaka yote ya kazi, na nilipostaafu nikaona jambo moja linanikera: mtu akishavuka miaka thelathini, hakuna anayemfundisha kitu tena ila awe mgonjwa au awe anataka mkopo. Atafundishwa kunyonyesha, atafundishwa kupulizia mikorosho salfa, ataitwa semina ya vikoba. Yote hayo ni ya maana. Lakini yule mama ambaye tangu binti alitamani kujua kusuka ukili, ule mshipi wa ukindu (majani ya mkindu) unaoshonwa kuwa mkeka, na mama yake hakumfundisha, au yule kaka wa bodaboda anayesimama kila siku kumtazama mchongaji, hao nani anawaita? Darasa ninalolieleza hapa ni la watu hao. Wanakuja kwa sababu wanapenda, basi.

Turudi kwa fundi. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi haina njaa ya mafundi. Kuna wasusi wa mikeka, washonaji wa kofia za mkono, wachongaji Wamakonde, mafundi mitumbwi. Usimchague kwa uzuri wa kazi yake peke yake. Nenda nyumbani kwake, ukae naye, umwombe akuonyeshe hatua moja, kisha utazame anafanya nini ukikosea. Akikunyang'anya kazi na kuimalizia mwenyewe, mshukuru, nunua mkeka wake, nenda kwa mwingine. Unayemtaka ni yule anayefumua pale ulipokosea, anakurudishia mkononi, halafu anasubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi.

Bibi anayetufundisha ukili nilimkuta uani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu mzima, nikufundishe nini mie nisiyejua hata kushika kalamu?"

"Nifundishe ukili, bibi. Mkeka naulalia tangu utoto, kuusuka siujui."

Alicheka, akanisogezea kigoda. Kwa hiyo jambo la pili ni hili: fundi wako mwite mwalimu mbele ya watu wote, na umlipe. Usimwambie anajitolea kwa ajili ya jamii. Muda wake ni wa kazi, na mkeka ambao angeusuka jioni ile ungeuzwa. Sisi kila mwanafunzi anatoa shilingi 1,000 kwa kila darasa; sehemu kubwa inakwenda kwa fundi papo hapo, mbele ya watu, na kinachobaki kinanunua ukindu. Asiye na pesa siku hiyo analeta kitu, iwe muhogo au nazi, na hakuna anayeulizwa mara mbili.

Sasa swali la posho. Litakuja tu, ujue. Watu wetu wamezoea kwamba wakiitwa kukaa chini ya mti kuna mradi, na penye mradi pana nauli na soda. Sema siku ya kwanza, kwa sauti, kwamba hapa hapana posho, hapana mfadhili, na hakuna anayesajiliwa. Wachache wataondoka. Waache waende kwa heshima. Na usikubali darasa ligeuzwe kikundi cha mkopo mapema. Najua halmashauri zina mikopo ya asilimia kumi ya mapato yao kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wapo waliofaidika nayo. Ila siku mtakapoanza kuzungumzia marejesho, nusu ya muda itakuwa ya marejesho, na yule aliyekuja kwa kupenda ukili ataona haya kusema kwamba yeye alitaka kusuka tu. Wanaotaka kikundi wakiunde siku nyingine, mahali pengine.

Ratiba ndiyo inayotaka akili nyingi, maana ya mjini Dar es Salaam haifai huku. Pwani yetu inaendeshwa na bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji hukauka sana kati ya asubuhi na adhuhuri, na akina mama wengi wako mwambani wanatafuta pweza na chaza. Ukiita darasa saa nne asubuhi utakaa na fundi wako wawili tu. Saa kumi alasiri, baada ya sala, watu wamesharudi, wamepika, jua limelegea. Tulishika saa kumi hadi karibu na magharibi, siku moja kwa wiki, na hatujaibadilisha.

Kisha kuna mwaka wenyewe. Kuanzia Oktoba hadi Desemba usianzishe kitu kipya. Watu wako kwenye mikorosho wanaokota, au wako ghalani wanasubiri mnada. Mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Aprili, watu wana mashamba na baraza linaloa. Likizo ya katikati ya mwaka ina sherehe za jando na unyago, na huwezi kushindana na ngoma. Ramadhani inahama, itazame kwenye kalenda. Ukihesabu vizuri unapata nafasi nzuri baada ya masika, na nyingine Agosti na Septemba. Panga mzunguko mfupi wa wiki sita au saba, uumalize, watu wapumzike, uanze mwingine. Darasa lisilo na mwisho mtu mzima haliamini, kwa sababu hajui anaahidi nini.

Kuhusu ruhusa sitasema mengi. Mweleze mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na mkitumia shule mwambie mwalimu mkuu, mumuahidi kufagia, na ahadi hiyo muitimize. Madawati ya watoto yawekeni pembeni. Mtu mzima aliyebanwa kwenye dawati la darasa la pili anajisikia kama anaadhibiwa. Tandikeni jamvi, na walio na magoti mabovu wapewe vigoda.

Siku ya kwanza usipitishe daftari la kusaini. Nalitilia mkazo hili kuliko lolote. Kuna watu wazima wasiojua kusoma, na wamejifunza njia nyingi za kukwepa karatasi. Ukiwapa kalamu mlangoni, hawatarudi, na sababu hawatakwambia. Jueni majina kwa midomo. Mama Asha ni Mama Asha, Mzee Issa ni Mzee Issa. Aliyekosa wiki mbili, mtu wa jirani apite kumjulia hali, asiulize kwa nini hakuja.

Siku hiyo hiyo kila mtu aondoke na kitu mkononi. Kwenye ukili hilo linawezekana kabisa, na nitaeleza tunavyofanya.

Fundi analeta ukindu uliokwisha anikwa juani mpaka ukawa mweupe. Usiku mmoja kabla unalowekwa kidogo, kisha unafungwa kwenye kanga mbichi ili ubaki na unyevu. Ukindu mkavu ukiukunja unakatika, na mgeni hudhani kosa ni lake. Kila mtu anapewa majani machache, anaondoa uti wa pembeni, halafu anachana kwa ukucha wa kidole gumba kuanzia upande wa shina. Chane zote ziwe na upana mmoja. Hapa ndipo penye kazi, na bibi yetu anatumia sehemu kubwa ya darasa kuchana tu. Usimharakishe. Chane zisizolingana hutoa ukili uliopinda, na hakuna mkono utakaounyoosha baadaye.

Kusuka kunaanza na chane tatu, kama msuko wa nywele, ili vidole vizoee. Wanaume wengi hawajawahi kusuka chochote, na wanawake hapo huwa na furaha ya kuwafundisha. Wiki inayofuata mnaongeza chane. Fundi akae ubavuni kwa mwanafunzi, bega kwa bega. Akikaa mbele yake, mkono wa kulia unaonekana wa kushoto na mtu anachanganyikiwa bila kujua kwa nini. Chane ikikaribia kuisha, mpya inachomekwa juu yake mapema, zikiwa bado mbili kwa pamoja kwa hatua chache, na mkia wa ile ya zamani unaachwa utokeze upande mmoja. Mikia yote itokeze upande huo huo, maana itakatwa baadaye kwa kisu na upande wa pili ubaki laini. Anayevuta sana, ukili wake unajikunja. Anayelegeza, unabaki na matundu. Bibi hapimi kwa macho hata kidogo: anapitisha kidole gumba juu ya ukili kutoka mwanzo hadi mwisho, na kinaposimama ndipo anapofumua.

Ukili wa dhiraa moja unatosha siku ya kwanza. Ukizungushwa na kushonwa kwa sindano nene na uzi wa ukindu wenyewe, unakuwa kawa ndogo ya kufunikia kikombe. Nimemwona mzee mwenye wajukuu akirudi kwake ameishika kawa yake kwa mikono miwili, akisimamishwa njiani na kila mtu. Tangazo la darasa likawa limekwisha tolewa.

Kuchonga kuna njia yake. Vijana wakija wanataka mpingo moja kwa moja kwa sababu ndio wanaouona kwenye vinyago. Mpingo ni mgumu, ni mzito hata unazama majini, na kwa mkono mchanga tezo linateleza. Anzeni na mche wa sabuni. Ndiyo, sabuni ya kufulia. Kisu cha jikoni kinatosha, kosa halina gharama, na mapande yanayobaki yanafulia nguo. Mwambie kila mtu achonge samaki, kwa kuwa samaki wote tunamjua. Atajifunza kuondoa kidogo kidogo, na kwamba kilichokatwa hakirudi. Wiki ya tatu mnaingia kwenye mti laini, msufi kwa mfano, na hapo ndipo fundi anaonyesha patasi, tupa na msasa, na namna ya kukaa ili kiganja kisikae mbele ya makali. Mpingo usubiri mzunguko mwingine.

Macho ni jambo ambalo vijana hawalifikirii. Ukifika miaka arobaini na kitu, uzi na chane za karibu zinaanza kufifia, na mtu anasema hawezi kumbe haoni. Kaeni mwanga uje kutoka begani. Weka chane zilizotiwa rangi kwa wenye shida: nyekundu na nyeupe zinatofautishika hata kwa macho mazito. Rangi za unga zipo sokoni, na sufuria la kuchemshia liwe kuukuu, lisirudi jikoni. Kwa kofia za mkono, zenye vitobo vidogo, hakuna njia ya mkato: asiye na miwani ya kusomea aanze na ukili kwanza.

Mtu akikuambia haya ni mambo ya kizungu, mweleze kwamba hapa nchini yana historia. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia 1975 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano wa shule za wananchi za kule. Shule hizo zenyewe mizizi yake iko Denmark, ambako ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Vyuo hivyo tunavyo huku: Mtawanya, Masasi, Newala, Chilala, Kilwa Masoko. Mwanafunzi wako akitaka kwenda mbali zaidi, ushonaji au useremala wa kuajiriwa, mwelekeze huko. Darasa lako halishindani nao.

Mzunguko wa kwanza ukiisha, usiongeze watu mara moja. Kumi na wawili kwa fundi mmoja ni wengi tayari. Chagua wawili kati ya waliomaliza, si lazima wawe hodari kuliko wenzao, ila wawe wa kusubiri, na katika mzunguko unaofuata wao ndio wawaonyeshe wageni kuchana, fundi akiwa ameketi karibu. Malipo ya fundi yabaki yale yale. Hao wawili wasitoe ile shilingi 1,000, na kabla hamjaanza watangazie watu kwa nini.