Kubadilisha oili ya giaboksi na haidroli katika trekta la zamani

Katika matrekta mengi ya zamani, oili inayolainisha gia na difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ndiyo hiyo hiyo inayovutwa na pampu ya haidroli ili kunyanyua mikono ya nyuma, kwa hiyo uchafu unaozaliwa kwenye gia huishia kwenye pampu na vali zake. Ford 8N, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1947 hadi 1952, ni mfano mzuri: oili ni moja, lakini chini kuna vizibo vitatu, na anayefungua kimoja tu huacha oili chafu nyuma ya kuta za ndani. Matrekta mengine yana matangi yaliyotengana kabisa, kila moja na oili yake. Kabla ya kushika spana, soma kitabu cha trekta lako ujue idadi ya vizibo, kiasi cha oili na aina yake.

Aina ya oili ndiyo jambo ambalo watu hulipuuza, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Ikiwa breki zimezama ndani ya oili, tumia oili maalumu ya matrekta inayofaa gia, haidroli na breki za namna hiyo, kwa sababu oili ya gia ya kawaida inaweza kuzifanya zipige kelele na kushika vibaya. Ikiwa ndani kuna bushi za shaba (vipete ambamo shafti huzunguka), jihadhari na oili za gia za daraja la GL-5, alama inayoandikwa kwenye kopo, kwani kemikali zilizoongezwa katika baadhi yake hula shaba. GL-4 huwa salama zaidi pale kitabu kinapotaka oili ya gia.

Anza asubuhi, trekta likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare. Weka beseni, kisha legeza kidogo kizibo cha chini kabisa bila kukitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo na hayajachanganyika, yatatangulia kutoka. Yaache yaishe, ukaze kizibo. Oili yenye rangi ya maziwa inaonyesha kwamba maji yamekwisha kuvurugwa ndani yake, na hayo hayatajitenga kwa urahisi.

Baada ya hapo endesha trekta kwa muda wa nusu saa hivi, ukinyanyua na kushusha mikono ya haidroli, ili oili ipate moto na kubeba takataka zilizotulia chini. Rudi mahali tambarare, shusha mikono hadi mwisho ili oili iliyo kwenye silinda irudi kwenye tangi, zima injini, funga breki na uweke vizuizi kwenye magurudumu. Fungua kwanza kizibo cha kujazia. Ukimwaga oili yote kisha ukakuta kizibo hicho kimeganda kwa kutu, trekta halitaweza kusogea hapo lilipo. Ndipo ufungue vizibo vyote vya chini, ukijikinga na oili ya moto, na uviache wazi kwa saa kadhaa.

Wakati oili inachuruzika, ichunguze. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole, hasa vyenye umbo la jino la gia, vinataka giaboksi ifunguliwe kabla ya kutia oili mpya. Toa chujio la pampu: la wavu lioshwe kwa dizeli safi na kukaushwa, la karatasi libadilishwe pamoja na oringi yake, yaani pete ya mpira inayozuia mvujo. Chujio lililoziba huinyima pampu oili, nayo huanza kuvuma na kunyanyua kwa kusitasita.

Kama oili ilikuwa ya maziwa, kumwaga mara moja hakutoshi. Jaza oili mpya ya bei nafuu inayokubalika kwa trekta hilo, endesha polepole bila mzigo hadi ipate moto, kisha imwage nayo. Wengine husafisha kwa dizeli. Mimi siipendi njia hiyo, kwa kuwa dizeli hailindi gia wala pampu ipasavyo, na inayobaki kwenye pembe huizimua oili mpya.

Sasa kaza vizibo na ujaze polepole, kwa kuwa oili nzito huchukua muda kupita kutoka chumba hadi chumba. Washa injini kwa mwendo wa chini, nyanyua na kushusha mikono mara kadhaa ili hewa itoke, shusha, zima, subiri, kisha pima kwa kijiti na uongeze panapopungua. Tafuta mvujo kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja, kwa sababu oili yenye shinikizo hupenya ngozi na jeraha lake huhitaji daktari mara moja. Pima tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Ikiwa uliyakuta maji, badilisha mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia, kwani mara nyingi mvua hupitia hapo.