Somo: Kutambua alama za haraka ya vita kwenye Lee-Enfield No. 4

Naumia nikimwona mtu ameshika msasa mbele ya Lee-Enfield ya 1942, bunduki ya jeshi la Uingereza. Zile alama anazotaka kuzifuta ndizo historia yenyewe. Mwaka 1940 jeshi la Uingereza liliacha silaha nyingi mno Ufaransa, na viwanda vya Fazakerley, Maltby na Shirley vikatakiwa kutoa bunduki nyingi, tena upesi. Ukali wa kipimo ulielekezwa kwenye chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) na meno ya bolti (komeo linaloifunga), panapobeba mlipuko. Sura ya nje ikabaki jinsi mashine ilivyoiacha.

1. Hakikisha ni tupu. Toa magazini, vuta bolti hadi nyuma, tazama chemba kisha ipapase kwa kidole. Usiruke hatua hii hata kama mwenyewe ameapa.

2. Soma mwaka na kiwanda. Angalia upande wa kushoto wa pete ya chuma inayoshika kitako. M47 ni Shirley, F au FY ni Fazakerley, M au RM ni Maltby. Za 1942 hadi 1944 ndizo zenye ukwaru zaidi.

3. Mulika kwa ubavu. Hapa usiwe na haraka. Zima taa ya juu, laza tochi sambamba na chuma, kisha sogeza mwanga polepole. Alama ya kiwandani ni mistari inayokwenda pamoja, yenye nafasi zinazolingana, ikifuata njia ya kisu cha mashine. Weusi wa chuma umeingia hadi ndani ya mifereji yake. Alama ya tupa au msasa wa baadaye hukatiza weusi huo, inang'aa, na kingo za chuma zinakuwa zimepoteza ukali. Herufi zilizofifia upande mmoja ni dalili nyingine kwamba mtu amepita hapo na msasa.

Ukikuta rangi nyeusi nene imefunika kila kitu, tafuta herufi FTR na mwaka ubavuni kushoto. Bunduki hiyo ilirudi kiwandani kukarabatiwa, mara nyingi baada ya vita.

4. Vifaa vidogo. Kilengeo chenye matundu mawili, la yadi 300 na la yadi 600, ni cha kubana matumizi. Bamba la kitako la aloi ya zinki badala ya shaba njano ni hivyo hivyo. Mbao za rangi tofauti ni kawaida.

5. Tenga kasoro za sura na za hatari. Ufa, chuma kilichomegeka kwenye reli ya kichwa cha bolti, au kutu iliyochimba mtutu: simamisha kila kitu, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.

Maswali ya wanachama

*Mtutu wangu una mifereji miwili tu ndani (ile inayozungusha risasi), wengine wanasema mitano. Nimeuziwa feki?*
Hapana. Mitutu ya mifereji miwili ilikubaliwa rasmi wakati wa vita ili kuokoa muda, na inalenga vizuri.

*Imeandikwa US PROPERTY, na ni ya Mwingereza?*
Ni halali kabisa. Ilitengenezwa na Savage huko Massachusetts chini ya mpango wa Marekani wa kuwakopesha washirika wake silaha.

*Mark 4 waliyopewa polisi wa akiba Kenya ndiyo hii?*
Ndiyo, ni ukoo huu huu. Lakini soma mwaka kwanza: zilizotoka Fazakerley miaka ya 1950 zimemaliziwa vizuri zaidi, kwa hiyo chuma chake kikiwa laini usidhani kimesuguliwa.

*Namba ya bolti haifanani na ya mwili. Ni kasoro ya sura?*
Hiyo si ya sura. Bolti ilioanishwa na mwili wake, na vichwa vya bolti vina saizi kuanzia 0 hadi 3. Usifyatue risasi hata moja kabla fundi hajapima nafasi ya chemba kwa geji.