Kumpeleka mtoto kwenye taarab asilia, hatua kwa hatua

Mimi napiga fidla kwenye taarab hapa Unguja. Nikiwa kitini kwangu jukwaani naona vizuri mtoto gani ameandaliwa na yupi amekokotwa tu. Wangu nawaandaa hivi.

Hatua ya 1: Chagua taarab yenyewe. Nasema taarab asilia, ya vyombo vya nyuzi kama udi, kanuni na fidla, pamoja na filimbi ya nai, kama ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, au Culture Musical Club ya 1958. Rusha roho, ile taarab ya kisasa, waachie wakubwa. Spika zake zinaumiza masikio ya mtoto, na ile mipasho utaulizwa maana yake njia nzima mpaka nyumbani.

Hatua ya 2: Wiki moja kabla, wimbo mmoja tu. Uweke kwenye simu kila jioni, huo huo. Kisha mtoto achague chombo kimoja awe wake. Wengi huchagua kanuni, na wana haki: nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, imepakatwa mapajani, na vidole vya shahada vya mpigaji vimevaa pete zilizobana vijiti vya kudonolea nyuzi. Mtoto akishaviona vile vidole habanduki.

Hatua ya 3: Alale mchana, maana taarab ni ya usiku. Ale ashibe, aende msalani. Chukua kanga ya kumlazia. Cha kutafuna kiwe tende zilizotolewa kokwa. Karatasi za pipi tunazisikia mpaka jukwaani.

Hatua ya 4: Kaeni mbele, pembeni, aione mikono ya wapigaji.

Hatua ya 5: Bashraf. Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Mara nyingi hufunguliwa kwa bashraf, vyombo vitupu bila mwimbaji, na mtoto hudhani bado hawajaanza, basi huanza kugaagaa. Mnong'oneze mapema kwamba vyombo vinazungumza. Mpe na kazi: kila akiisikia nai inachomoza, akubonyeze mkono.

Hatua ya 6: Kutunza. Hiki ndicho kinachowafanya waombe kurudi. Mpe noti ndogo, aende kwa madaha, amkabidhi mwimbaji mkononi, arudi kwa njia ile ile. Fanyeni mazoezi nyumbani, msione haya. Binti yangu, miaka mitano wakati huo, sikumfundisha. Akakata katikati yetu wapiga fidla, upinde wa mwenzangu ukamgusa sikio, akababaika, noti akampa mpiga ngoma ya dumbaki! Mwimbaji alicheka mpaka ubeti ukampotea. Yule wa dumbaki mpaka leo anamdai ya pili.

Hatua ya 7: Ondokeni mtoto angali anataka. Nyimbo tatu nne zinatosha. Lakini subirini makofi, msinyanyuke katikati ya ubeti. Tunawaona.