Mfundishe Christina Rossetti kwa kuanza na upepo

Ukimfundisha mshairi huyu wa Uingereza, usianze na tarehe. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni "alizaliwa London, 5 Desemba 1830". Watoto wakanakili, wakafunga madaftari, basi.

Siku hizi nawatoa nje, tunakaa chini ya mti. Kitendawili! Tega! "Mimi sijamwona, wewe hujamwona, ila akipita miti huinamisha vichwa." Hapo subiri. Usiwasaidie hata wakitaja jini. Atatokea mmoja atakayetazama majani juu, aseme: upepo! Ndipo uwaambie kuwa yupo mwanamke wa London aliyelitega fumbo hilo kwa shairi la "Who Has Seen the Wind?", la beti mbili, mistari minne minne, kila ubeti ukianza na swali lile lile. Lisome kwa Kiingereza, polepole, mara mbili. Ubeti wa kwanza watikise vidole kama majani, wa pili wainame. Usifasiri neno kwa neno, kitendawili kimeshafasiri.

Wakiuliza alikuwa nani, anza na babu yake mzaa mama, Gaetano Polidori. Kwake Holmer Green, shambani, ndiko Christina mtoto wa mjini alikozoeana na vyura na viwavi. Babu huyo alikuwa na mtambo wake wa kuchapia, na mwaka 1847 akamchapia mjukuu kitabu cha kwanza, binti ana miaka 16. Hapa gawa karatasi, kila mtoto akunje na kushona kijitabu chake. Mimi hutumia kipindi kizima, na sijawahi kujuta.

Kitabu chake cha watoto, Sing-Song, kilitoka 1872 kikiwa na picha 120 za Arthur Hughes. Mwenyewe hakuolewa wala hakuzaa. Mwaka 1866 alimkataa Charles Cayley, mtu aliyempenda, kwa sababu ya dini. Kisha kitabu hicho akamtunuku mtoto mchanga wa Arthur Cayley, kaka wa Charles huyo. Wadogo siwaambii. Wakubwa nawaambia, na hunyamaza wenyewe.

Mashairi ya Sing-Song kuhusu mtoto aliyefariki usiyaruke. Mimi niliyaruka mwaka mmoja, kumbe darasani kulikuwa na msichana aliyekuwa amemzika mdogo wake. Aliyakuta mwenyewe kitabuni, akaniletea ukurasa ukiwa wazi: "Mwalimu, nisomee hili." Yasome kwa sauti ya chini, mara moja tu, dakika kadhaa kabla ya kengele, ili anayetaka kubaki abaki.