Kutafuta babu Mjerumani: anza na sikio la nyanya

Jamani nyinyi wa Lamu na Malindi mlio na Mjerumani kwenye ukoo, kabla hujaingia intaneti kusachi jina, kaa na nyanya kwanza umuulize yeye alilisikia vipi. Wazee wetu zile herufi hawakuzisoma, walishika sauti, na sauti ndio iliyobaki sawa.

Nyanya yangu wa Shela siku zote akimwita huyo Mjerumani wetu "Bwana Vaisi", na mimi nikaona amekosea manake barua ya kwenye kasha nimeisoma mwenyewe kwa macho yangu, Weib, nikatafuta Weib miezi mitatu sikuambulia kitu. Kumbe ile ya mwisho si B, ni ß, yaani s mbili. W yao ni v yetu, ei ni ai. Weiß. Vaisi! Nyanya alikuwa sawa toka mwanzo, roho iliniuma wallahi.

Sasa geuza sauti iwe herufi. Ukisikia f jaribu na V pia, Fogeli ni Vogel. Y mara nyingi ni J. "Ts" ni Z, kama Zimmermann. Sh ni sch, na hii twaijua, hata neno shule tumelitoa kwa Schule yao, ila mwanzo wa neno kabla ya t au p huandika s tupu, Stein wasema Shtain. Ch ya Bach ni kh ya kheri, sisi wa pwani hiyo haitupi taabu.

Nukta mbili za juu ndio zapoteza watu wengi. Müller utamkuta Mueller, kwengine Muller, tafuta zote tatu usichoke. Meyer, Meier, Maier, Mayer sauti ni moja, karani wa zamani aliandika alivyosikia. Na kwenye vitabu vya kanisa vya zamani ukiona Müllerin si ukoo mwengine, ni mwanamke wa kina Müller.

Mwandiko wao wa kale, Kurrent, e yafanana na n, kwa hivyo jina likikataa badilisha hizo mbili ujaribu tena. Na bahasha kuukuu usitupe, Wajerumani walikuwa na posta yao hapa Lamu 1888 mpaka 1891, jina laweza kuwa limeandikwa pale juu.

Leo baada ya magharibi mrekodi nyanya kwa simu, alitamke mara tatu nne, na usimsahihishe.