Kumuuguza aliyepasuliwa tumbo: siku za kwanza wodini

Mgonjwa akirudi wodini kutoka chumba cha upasuaji, ndugu hufanya mambo mawili kwa mapenzi: humwacha alale tu asisumbuke, na humletea chakula apate nguvu. Yote mawili, yakija wakati usiofaa, humchelewesha kupona. Awe amepasuliwa kwa kidole tumbo, utumbo uliojisokota, uvimbe wa kizazi au kujifungua, mapafu na miguu vinatakiwa kuamshwa mapema, na utumbo usubiriwe.

Anza na pumzi. Mshono unapouma, mtu huvuta hewa ya juu juu. Sehemu ya chini ya mapafu inasinyaa, makohozi yanatuama, na nimonia hupata nafasi. Kila saa akiwa macho, avute hewa taratibu kwa pua, aishike akihesabu hadi tatu, aitoe kwa mdomo, mara kumi. Kisha akohoe, akiwa ameukandamiza mshono kwa khanga iliyokunjwa au mto mdogo, mikono yote miwili juu yake. Hayo hayawezekani kwa mtu mwenye maumivu makali, kwa hiyo asivumilie mpaka alie. Saa ya dawa ikipita, mwambie nesi.

Kushuka kitandani kwa kawaida huanza ndani ya saa 24, daktari akiruhusu. Asiinuke kwa kukaza tumbo. Akunje magoti, ageuke ubavu mwili mzima kwa pamoja, ateremshe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Akae ukingoni dakika chache. Akisikia kizunguzungu, arudi kulala. Kama amewekewa mpira wa mkojo, mfuko wake ubaki chini ya usawa wa kibofu, la sivyo mkojo unarudi ndani na kuleta maambukizi. Hatua chache zinatosha siku ya kwanza. Kitandani, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini kila saa, damu isigande. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, usikikande hata kidogo: bonge la damu linaweza kukimbilia mapafuni. Mwite nesi.

Mfuko huo huo wa mkojo una habari. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Ukiona mkojo hauongezeki kwa saa mbili, angalia kama mpira umejikunja au ameulalia, kisha toa taarifa.

Chakula ndicho kinachozua ugomvi na manesi. Utumbo ukishashikwashikwa, husimama kazi. Utumbo mwembamba huamka kwa takriban siku moja, tumbo la chakula siku moja hadi mbili, utumbo mpana siku mbili hadi tatu au zaidi. Ndiyo maana daktari anauliza kama mgonjwa amejamba, si utani. Usimlinganishe na wa kitanda cha jirani: aliyejifungua kwa upasuaji huweza kuruhusiwa kula baada ya saa chache, wakati aliyekatwa na kuunganishwa utumbo husubiri amri ya daktari wake. Ruhusa ikitoka, anza na maji kidogo kidogo, chai ya rangi, kisha uji mwepesi. Maharage na soda vingoje. Tumbo likivimba na kukaza, au akitapika majimaji ya kijani, simamisha kila kitu cha mdomoni na umwite nesi.

Bandeji ni ya nesi. Kwa kawaida huachwa saa 48 bila kufunguliwa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe maji ya moto: ngozi ya karibu na mshono mara nyingi ina ganzi, huungua bila yeye kuhisi. Maambukizi hujitokeza zaidi kuanzia siku ya nne au ya tano. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu; tafuta joto, ugumu, usaha, harufu na homa.

La kuogopa zaidi huja kati ya siku ya 5 na ya 10: maji mengi ya rangi ya pinki yanalowesha bandeji ghafla. Hapo huenda mshono wa ndani unaachia, hata kama ngozi imeshikana vizuri. Mlaze magoti yakiwa yamekunjwa, asile wala asinywe, na piga kelele ya msaada. Utumbo ukitoka nje, usiurudishe. Ufunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya dripu mpaka daktari afike.